Utando usioonekana unaolinda betri ya lithiamu, na kuizeesha

KATIKA kila betri ya lithiamu, iwe ya simu, ya tarakilishi ya kubebeka au ya pikipiki ya umeme, mna utando mwembamba mno hivi kwamba ni hadi tando elfu kadhaa za aina hiyo zirundikwe moja juu ya nyingine ndipo zifikie unene wa unywele mmoja wa binadamu.

Utando huo haumo katika orodha ya vifaa vinavyonunuliwa na kiwanda, wala hakuna mfanyakazi anayeupaka. Hujiunda wenyewe ndani ya betri inapotiwa chaji kwa mara ya kwanza, na malighafi yake ni viungo vya betri iyo hiyo vinavyoharibika.

Uharibifu huo ndio unaoiwezesha betri kuishi. Pasipo utando, betri ya simu ingechoka baada ya kuchajiwa mara chache tu. Hata hivyo, utando huo huo huendelea kunenepa mwaka baada ya mwaka, na kila unaponenepa hula sehemu ya lithiamu inayohitajika kuhifadhi umeme. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na kwa betri ya lithiamu nguo yenyewe ndiyo mlaji.

Wataalamu wa kemia huuita utando huo SEI, herufi zinazotokana na jina lililobuniwa na mwanasayansi Emanuel Peled wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israeli, mnamo 1979. Jina hilo linarejelea tabaka gumu lililo kati ya elektrodi na majimaji ya betri, ambalo huzipisha ioni na kuzizuia elektroni.

Viungo vya betri

Ili kuielewa kazi ya utando huu, ni muhimu kwanza kuvitazama viungo vya betri yenyewe. Betri ya lithiamu ina elektrodi mbili, moja hasi na nyingine chanya. Katika betri nyingi, elektrodi hasi hutengenezwa kwa grafaiti, ile kaboni nyeusi inayopatikana pia katika penseli, na hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Elektrodi chanya huwa ni mchanganyiko wa lithiamu na madini mengine kama vile kobalti, nikeli, manganizi au chuma, nayo hupakwa juu ya karatasi ya alumini.

Kati ya elektrodi hizo huwekwa kiwambo cha plastiki chenye vitundu vidogo sana ili zisigusane. Nafasi inayobaki hujazwa elektroliti, yaani majimaji ambamo chumvi ya lithiamu imeyeyushwa.

Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu, yaani atomi za lithiamu zilizopoteza elektroni moja moja, hutoka katika elektrodi chanya, huvuka elektroliti na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafaiti. Elektroni nazo hupitia njia ya nje, kwenye waya. Grafaiti ikishajaa kabisa huwa na atomi moja ya lithiamu kwa kila atomi sita za kaboni.

Betri inapotumika, safari hiyo hugeuka. Ioni hurudi zilikotoka kupitia majimaji, na elektroni hurudi kupitia waya, zikiwasha simu au kuzungusha mota njiani. Kwa hivyo, kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi hutegemea idadi ya ioni zilizo huru kwenda na kurudi. Ioni yoyote inayonaswa njiani ni hasara ya kudumu.

Majimaji yasiyostahimili

Seli moja ya betri ya lithiamu ya simu hutoa takriban volti 3.7, ilhali seli moja ya betri ya gari, ile ya risasi na asidi, hutoa volti 2 hivi. Wingi huo wa volti ndio unaoifanya betri ya lithiamu kubeba umeme mwingi katika umbo dogo. Ndio pia chanzo cha matatizo yake.

Maji ya kawaida huanza kutengana kuwa hidrojeni na oksijeni yakitiwa volti 1.23. Hii ndiyo sababu hayawezi kutumiwa kama elektroliti ya betri hizi. Badala yake, viwanda hutumia viyeyushi vya jamii ya kabonati, ambavyo huvumilia volti nyingi zaidi lakini pia hushika moto.

Hata viyeyushi hivyo haviwezi kuistahimili grafaiti iliyojaa lithiamu. Grafaiti ya aina hiyo hutoa elektroni kwa urahisi karibu sawa na lithiamu tupu. Kila molekuli ya majimaji inayoigusa hupokea elektroni hizo na kuvunjika.

Kwa hesabu hiyo, betri ya lithiamu haingefaa kudumu. Majimaji yangeendelea kuvunjika kila inapochajiwa, hadi yaishe au lithiamu yote inaswe. Kinachouzuia uharibifu huo ni masazo ya uharibifu wenyewe.

Utando unavyojiunda

Chaji ya kwanza inapoingia, molekuli za kiyeyushi na za chumvi zilizo karibu na grafaiti huvunjika. Baadhi ya vipande vyake hugeuka gesi, na vingine huungana na lithiamu na kuwa vitu vigumu ambavyo haviyeyuki kwa urahisi. Vitu hivyo hujibandika juu ya grafaiti na kuifunika.

Karibu kabisa na grafaiti hupatikana zaidi vitu vya jamii ya mawe na chumvi, kama vile floraidi ya lithiamu, oksaidi ya lithiamu na kabonati ya lithiamu. Upande wa nje, unaoelekea kwenye majimaji, ni laini zaidi na una molekuli ndefu zenye kaboni. Unene wa utando wote aghalabu ni makumi machache ya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mara utando unapokamilika, elektroni haziwezi tena kuyafikia majimaji kwa urahisi, na uharibifu hupungua kwa kiasi kikubwa. Lakini ioni za lithiamu, ambazo ni ndogo, huendelea kupita. Ioni inapofika langoni huvua molekuli za kiyeyushi zilizoizunguka, kisha hupenya peke yake hadi ndani ya grafaiti.

Kinga hiyo ina gharama. Katika betri ya grafaiti, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 hivi ya lithiamu hunaswa ndani ya utando katika chaji hiyo ya kwanza, na haipatikani tena. Watengenezaji hulijua jambo hilo na hulipangia mapema.

Kazi hii hufanyiwa kiwandani. Betri mpya huchajiwa polepole kwa saa nyingi, kisha huachwa itulie kwa siku kadhaa huku ikipimwa. Ni mojawapo ya hatua zinazochukua muda mrefu zaidi katika utengenezaji wote, kwani utando ulioundwa kwa pupa huwa na nyufa na huitesa betri maisha yake yote.

Hapa ndipo ushauri unaotolewa mara kwa mara madukani, kwamba simu mpya ichajiwe kwa saa nane au kumi na mbili kabla ya kuwashwa, unapokosa mashiko. Ushauri huo ni masalio ya enzi za betri za nikeli. Betri ya lithiamu inapomfikia mnunuzi huwa ilikwisha kuchajiwa kiwandani, na utando wake uko tayari.

Miaka 20 ya kukwama

Historia ya utando huu ni historia ya betri ya lithiamu yenyewe. Katika miaka ya 1970, mwanakemia Stanley Whittingham, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani, alitengeneza betri yenye elektrodi hasi ya lithiamu tupu na elektrodi chanya ya salfaidi ya titaniamu.

Betri hiyo ilifanya kazi, lakini haikuwa salama. Lithiamu tupu pia hujivika utando, ila kila inapochajiwa metali huota upya bila mpangilio, huupasua utando huo na kuchomoza vijiti vyembamba kama miiba. Miiba hiyo ikivuka kiwambo na kuigusa elektrodi ya pili, umeme hupita mkato, joto hupanda na moto huweza kuzuka. Mnamo 1989, kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliziondoa sokoni betri zake za lithiamu tupu baada ya visa vya moto katika simu nchini Japani.

Suluhisho lilikuwa ni kuificha lithiamu ndani ya grafaiti, ambamo haina haja ya kuota. Lakini grafaiti nayo ilikuwa na kikwazo. Kiyeyushi kilichopendelewa na watafiti wakati huo kilikuwa propilini kabonati. A. N. Dey na B. P. Sullivan walionyesha mnamo 1970 kwamba kiyeyushi hicho huvunjika mfululizo juu ya grafaiti. Ilibainika pia kwamba molekuli zake huingia pamoja na ioni kati ya matabaka ya grafaiti na kuyabambua, kama vile kitunguu kinavyobambuliwa. Utando wa kuikinga haukujengeka.

Mwafrika mmoja alikuwa miongoni mwa waliokipita kikwazo hicho. Rachid Yazami, mzaliwa wa mji wa Fez nchini Morocco, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Grenoble, Ufaransa, aliyaepuka majimaji kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitumia elektroliti ngumu ya plastiki na kuthibitisha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya grafaiti bila kuiharibu.

Wakati huo huo, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walikuwa wamegundua mnamo 1980 kwamba oksaidi ya kobalti na lithiamu hufaa kama elektrodi chanya. Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei, Japani, aliiunganisha oksaidi hiyo na elektrodi hasi ya kaboni mnamo 1985. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za aina hii mnamo 1991. Kaboni iliyotumika katika betri hizo za mwanzo haikuwa grafaiti, bali ile isiyo na matabaka yaliyopangika vizuri, ambayo haibambuki kwa urahisi.

Mlango wa grafaiti ulifunguka mnamo 1990, pale Rosamaria Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kanada, walipochapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kiyeyushi kiitwacho ethilini kabonati huiwezesha grafaiti kufanya kazi. Kiyeyushi hicho huvunjika mapema na kuacha utando imara, kisha uharibifu hukoma kwa kiasi kikubwa.

Tofauti kati ya ethilini kabonati na propilini kabonati ni ndogo ajabu. Molekuli ya pili ina atomi moja tu ya kaboni na mbili za hidrojeni zaidi ya ile ya kwanza. Ethilini kabonati pia ilikuwa imepuuzwa kwa muda mrefu kwa sababu huganda chini ya nyuzi 36 hivi za Selsiasi. Katika miaka ya 1990, ilichanganywa na viyeyushi vyepesi ili isigande, na mchanganyiko wa aina hiyo umebaki kuwa msingi wa elektroliti za betri nyingi za lithiamu hadi sasa.

Mnamo 2014, Yazami, Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi wa Sony walituzwa kwa pamoja Tuzo ya Draper ya uhandisi nchini Marekani. Goodenough, Whittingham na Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mnamo 2019.

Jinsi utando unavyoizeesha betri

Utando wa SEI haufungi kabisa. Kiasi kidogo cha elektroni na majimaji bado hukutana, na kila vinapokutana tabaka jipya huongezeka. Kadiri utando unavyonenepa ndivyo kasi hiyo inavyopungua, lakini haifiki sufuri.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, lithiamu iliyo huru hupungua, na betri iliyokuwa ikidumu siku nzima hulazimika kuchajiwa tena adhuhuri. Pili, ioni hupata shida zaidi kupenya utando mnene, na nguvu ya betri hushuka ghafla inapotakiwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Ndiyo maana simu iliyozeeka huweza kujizima ilhali kioo kinaonyesha kuwa chaji bado ipo.

Mwendo huu hauhitaji betri itumike. Betri iliyowekwa tu kabatini pia huzeeka, na hivyo simu iliyokaa dukani miaka mitatu si mpya kikamilifu, hata ikiwa haijafunguliwa.

Mambo mawili huuharakisha. La kwanza ni joto, ambalo huongeza kasi ya takriban kila tukio la kemia. La pili ni kuiacha betri ikiwa imejaa kabisa kwa muda mrefu, kwani grafaiti iliyojaa lithiamu ndiyo yenye msukumo mkubwa zaidi wa kuyavunja majimaji. Simu iliyojaa chaji na kuachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hukutwa na yote mawili kwa pamoja.

Elektrodi chanya nayo huchangia. Katika betri zenye manganizi, chembe za madini hayo huweza kuyeyuka, kuvuka elektroliti na kuuharibu utando ulio upande wa pili. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji huzifunika punje za elektrodi chanya kwa tabaka jembamba la oksaidi ya alumini au kitu kingine kinachofanana nayo.

Hatari ya moto

Utando huu ni muhimu pia kwa usalama. Betri inapopata joto la kati ya nyuzi 80 na 120 hivi za Selsiasi, kwa sababu ya ajali, hitilafu au chaja mbovu, utando huanza kuvunjika, na kuvunjika kwake hutoa joto zaidi.

Grafaiti iliyovuliwa utando hugusana upya na majimaji, na joto huongezeka. Kiwambo cha plastiki hufuata kwa kuyeyuka, elektrodi hugusana, na hatimaye elektrodi chanya huweza kuachilia oksijeni na kuuchochea moto kutoka ndani. Hiki ndicho kiini cha ile milipuko ya betri inayoripotiwa mara kwa mara, na ndiyo sababu betri iliyofura haifai kutobolewa, kukandamizwa wala kuendelea kuchajiwa. Kufura ni dalili kwamba majimaji yanavunjika na kutoa gesi.

Baridi nayo ina madhara yake. Chini ya nyuzi sufuri, ioni hupenya utando na grafaiti polepole mno. Betri ikichajiwa kwa kasi katika hali hiyo, lithiamu hukosa pa kuingia na kujilundika juu ya grafaiti kama metali tupu, na hatari ya miiba hurudi.

Juhudi za kuuboresha

Njia inayotumika zaidi ya kuuimarisha utando ni kutia ndani ya elektroliti kiasi kidogo cha viongezo, aghalabu asilimia chache tu. Viwili vinavyojulikana sana ni vinilini kabonati na fluoroethilini kabonati. Kazi yake ni kuvunjika kabla ya viyeyushi vingine na kuweka msingi wa utando ulio imara zaidi.

Kwa muda mrefu watafiti walitatizika kuuchunguza utando wenyewe, kwa kuwa huharibika ukiguswa na hewa au ukipigwa na miale ya darubini ya elektroni. Mnamo 2017, kikundi kilichoongozwa na Yi Cui katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitumia mbinu ya kugandisha sampuli kwa baridi kali, ambayo ilikuwa imezoeleka katika uchunguzi wa virusi na protini, na kupata picha za utando juu ya lithiamu zilizoonyesha mpangilio wa atomi.

Mtihani mkubwa zaidi unatokana na silikoni. Gramu moja ya silikoni inaweza kushika lithiamu mara kumi hivi zaidi ya gramu moja ya grafaiti. Lakini inapojaa hufura na kufikia zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake, ilhali grafaiti huongezeka kwa asilimia 10 hivi tu. Utando uliojengwa juu ya silikoni hupasuka kila mara. Kila ufa huzibwa kwa utando mpya, na kila kiraka hugharimu lithiamu ambayo ilipaswa kubeba umeme. Kwa sasa, watengenezaji wengi wanaotumia silikoni huichanganya kwa kiasi kidogo ndani ya grafaiti.

Wengine wamechagua kulikwepa tatizo. Betri za titaneti, ambazo elektrodi yake hasi haitumii grafaiti, hufanya kazi katika volti ambazo majimaji huzivumilia, na hivyo huhitaji utando kidogo mno. Hudumu kwa maelfu mengi ya chaji na hustahimili kuchajiwa kwa haraka. Gharama yake ni kwamba volti za seli hupungua, na betri huwa nzito zaidi kwa kiasi kile kile cha umeme.

Kwa mtumiaji wa kawaida, hakuna chombo cha kumwonyesha hali ya utando ulio ndani ya simu au pikipiki yake. Anachoweza ni kupunguza kasi ya kunenepa kwake: kuiepusha betri na jua kali, kutoiacha imejaa kwa siku nyingi bila kutumika, na, ikiwa itawekwa kwa muda mrefu, kuihifadhi mahali penye ubaridi ikiwa na nusu ya chaji. Hatua hizo haziwezi kuirejesha lithiamu iliyokwisha kunaswa. Huchelewesha tu siku ambayo betri italazimika kubadilishwa, na kwa mhudumu wa bodaboda ya umeme au mwenye taa ya sola, miezi michache ya ziada ni fedha inayobaki mfukoni.